Mtazame Aliyenyamaza

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa klabu ya filamu, mara baada ya kuangalia kwa pamoja filamu ya The Death of Stalin

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu wa safu ya mbele, dada zangu, kaka zangu, na vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: wa kuamkiwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Nawashukuru kwa kubaki. Taa zilipowaka niliwaona mkitazamana. Sura zile nazijua. Ni za watu waliocheka kwa nguvu, halafu wakaanza kujiuliza kama walistahili kucheka. Mama mmoja hapa pembeni alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, nimecheka mpaka machozi, halafu nikakumbuka kwamba yule ni mtu anakata roho." Ahsante, mama. Umenifungulia hotuba yangu.

Miaka mingi iliyopita tulikwenda kumzika baba yangu mdogo. Alikuwa mkali, mtu wa kuhesabu senti, na kikohozi chake kilijulikana mtaa mzima. Kaburi limeshachimbwa, wanawake wanalia, mara akatokea mtani. Amevaa koti la marehemu, ameshika mkongojo wa marehemu, na akakohoa kikohozi kile kile. Akaanza kupita kwa waombolezaji mmoja mmoja akidai madeni. "Wewe, hela yangu ya mwaka juzi iko wapi? Sizikwi mimi bila hela yangu!" Kisha akashuka kaburini, akajilaza, akasema hatoki mpaka alipwe. Watu wakachangishana. Mama mdogo, mjane mwenyewe, aliyekuwa hajatia kitu tumboni kwa siku mbili, akacheka. Alicheka huku analia, na jioni ile akaomba uji.

Nilikuwa mtoto, nikaudhika. Nilidhani mzee wetu anadhalilishwa. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba yule mtani alifanya kazi ambayo hakuna ndugu angeiweza. Tangu asubuhi watu walikuwa wanammwagia marehemu sifa ambazo hakuwa nazo, na kwa kila sifa alizidi kutupotea. Mtani akasema kweli: huyu alikuwa mkali, tulimwogopa, na sasa amelala hapa hawezi kumdai mtu. Akamrudisha baba mdogo kwetu dakika chache kabla hatujamfukia. Na utani wenyewe, wazee wangu mnajua, mara nyingi umezaliwa kwenye damu. Wangoni na Wahehe walichinjana vitani katika karne ya 19. Leo ni watani.

Kwa hiyo mtu akiniuliza filamu ya leo ni ya aina gani, sipati shida sana. Shuleni tulifundishwa tanzia, mchezo wa huzuni, upande huu na ramsa, mchezo wa kuchekesha, upande ule, na vikichanganyika tunasema tanzia-ramsa. Wengine siku hizi wanasema vichekesho vyeusi. Mimi naita vichekesho vya msibani, kwa sababu jina hilo linamwambia mtazamaji namna ya kukaa. Akae kama aliyekaa kwenye mkeka wa matanga, akijua maiti yumo ndani.

Maiti wetu wa leo ni Joseph Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovieti. Nieleze kidogo mambo yalivyokuwa, maana filamu inakwenda mbio na si kila mtu hapa amesoma historia ya Urusi.

Machi 1, 1953, Stalin alipatwa na kiharusi katika nyumba yake ya Kuntsevo, nje kidogo ya Moscow. Walinzi walikuwepo, tena wengi. Kutwa nzima hakutoka chumbani, na hakuna aliyethubutu kubisha hodi, kwa kuwa amri ilikuwa kwamba asisumbuliwe. Ilikaribia saa nne usiku ndipo mmoja wao alipopata ujasiri wa kuingia, kisingizio chake kikiwa ni barua, akamkuta sakafuni. Madaktari walifika asubuhi ya siku iliyofuata. Mtu mwenye ulinzi mzito kuliko karibu mtu yeyote duniani alilala sakafuni saa baada ya saa kwa sababu ya ulinzi huohuo. Alikufa Machi 5.

Mwongozaji, Armando Iannucci, ameyabadilisha kidogo. Kwake, walinzi wawili wanasikia kishindo usiku. Mmoja anataka kwenda kuangalia, mwenzake anamwambia anyamaze asije akawaponza wote wawili. Asubuhi mtumishi wa nyumbani anaingia na chai. Tulicheka pale. Lakini tujiulize ni nini hasa kilichotuchekesha. Mlango hauchekeshi, wala kishindo hakichekeshi. Kinachochekesha ni yule mlinzi wa pili, uso wake ulivyokaza, macho mbele, kama mtu anayeamini kwamba asipousikia mshindo basi mshindo haukuwepo. Hapo ndipo lilipo jambo nililokuja kulisema kwenu usiku wa leo, na nitalirudia kwa mifano mpaka mnichoke: katika filamu ya namna hii, usimtazame anayesema. Mtazame aliyenyamaza.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulikuwa na swali moja kabla picha haijaanza: steringi nani? Ukishamjua steringi roho inatulia, maana steringi hafi. Unamfuata yeye. Wengine wote wapo ili yeye apigane nao, awaokoe au awazike. Jicho letu lilifundwa hivyo, na ni mafunzo mazuri kwa picha za aina ile.

Filamu ya leo haina steringi. Ina watu kumi na zaidi ambao kila mmoja angeweza kuwa steringi wa picha yake, wamefungiwa chumba kimoja, na hakuna hata mmoja aliye na hakika ya kufika kesho. Tazameni waliokusanywa. Steve Buscemi, Mmarekani, tuliyezoea kumwona katika picha za majambazi, ndiye Khrushchev, mmoja wa wakubwa waliomzunguka Stalin. Simon Russell Beale, mmoja wa waigizaji wakubwa wa jukwaani Uingereza, aliyeigiza Hamlet na Mfalme Lear, ndiye Beria, mkuu wa makachero. Michael Palin wa kundi la vichekesho la Monty Python ni Molotov, mkubwa mwingine wa chama. Jeffrey Tambor ni Malenkov, naye mkubwa wa chama, Jason Isaacs ni Jemadari Zhukov, Andrea Riseborough ni Svetlana, binti wa Stalin. Watu wa jukwaani, watu wa vichekesho vya televisheni, watu wa Hollywood, wote sahani moja. Mwongozaji angeweza kumpa kila mmoja zamu yake ya kung'ara na kukaa pembeni. Hakufanya hivyo. Aliwaweka wote ndani ya fremu na kuwaacha wasikilizane.

Mwalimu wangu wa maigizo alikuwa akituambia kwamba mwigizaji hodari anaonekana zaidi katika zamu ya mwenzake. Nilipokuwa kijana sikuelewa. Wale mnaokumbuka Vitimbi, vile vichekesho vya televisheni vya Kenya, mtanielewa upesi: Mzee Ojwang anaropoka, lakini kicheko chenyewe kinakuja kamera ikimgeukia Mama Kayai anayemtazama bila kusema neno. Ndicho hicho.

Turudi kwenye kile chumba chenye mwili. Wajumbe wa Kamati Kuu wanafika mmoja baada ya mwingine. Khrushchev kavaa suti juu ya pajama. Kila anayeingia anaangua kilio. Lakini tazameni macho. Kilio kinatoka mdomoni, na jicho linakwenda pembeni kupima: mwenzangu kalia kiasi gani? Nikizidisha wataniona mnafiki. Nikipunguza wataniona msaliti. Wanapiga magoti kumzunguka kiongozi wao, na kila mmoja anatafuta pa kuweka goti pasipo na mkojo wake. Wanajadili kama waite daktari. Inabidi kamati ifikie idadi. Na wakishakubaliana, linaibuka tatizo jingine: madaktari wazuri wako wapi?

Hilo la madaktari si utunzi wa filamu. Januari 13, 1953, wiki chache tu kabla ya kiharusi kile, magazeti ya Moscow yalitangaza kwamba kundi la madaktari, wengi wao Wayahudi, wamekula njama ya kuwaua viongozi wa nchi. Walikamatwa, wakapigwa ili wakiri. Walikuwa miongoni mwa mabingwa wa nchi nzima. Kiharusi kilipokuja, waliojua kukitibu walikuwa gerezani kwa amri ya mgonjwa. Waliachiwa Aprili 4, mwezi mmoja baada ya yeye kufa, na serikali ikatangaza kwamba kesi ile ilikuwa ya kutunga. Mtunzi wa vichekesho angeleta wazo kama hili, tungemwambia amezidisha chumvi.

Vijana wangu, hapa nataka mnisikilize vizuri, hasa mnaotaka kuandika. Kichekesho cha msibani hakitungwi kwa kuongeza mzaha juu ya jambo zito. Unalichukua jambo zito lenyewe, unaondoa pazia la heshima lililolifunika, kisha unaacha watu watembee ndani yake kwa akili zao zote. Hakuna mjinga katika filamu hii. Khrushchev anaporudi nyumbani usiku amelewa, anamwambia mkewe ni mzaha gani ulimchekesha Stalin na upi haukumchekesha, na mkewe anaandika, ili asubuhi, pombe ikishatoka, ajue lipi la kurudia na lipi la kulizika. Huo ni ujinga? Huo ni uangalifu wa mtu anayetaka kuishi. Sisi tunacheka, na tukishacheka tunagundua kwamba tungekuwa sisi tungenunua daftari.

Mwanzo wa filamu ni hivyo hivyo. Redio Moscow wanarusha tamasha, piano ya Mozart, moja kwa moja. Stalin anapiga simu anataka santuri ya tamasha lile. Halikurekodiwa. Basi mkuu wa studio, Paddy Considine, anafunga milango, anawarudisha wasikilizaji vitini, anawaokota wengine mitaani ili sauti ya ukumbi isibadilike, na wapige upya muziki wote. Kondakta anazimia kwa hofu. Anatafutwa mwingine usiku wa manane, na yule anaposikia hodi mlangoni anaagana na mkewe, maana ni usiku huohuo ambapo makachero wanapita nyumba kwa nyumba na orodha zao za watu wa kukamata. Kumbe kaitiwa kuongoza muziki. Anauongoza akiwa na nguo za kulalia. Kisa hiki ni masimulizi yaliyokuwa yakizunguka kuhusu mpiga piano Maria Yudina, na wanahistoria wana mashaka nacho. Lakini kama njia ya kutuingiza katika filamu sijui kingine ambacho kingefaa zaidi. Dakika kumi tu, na umeshaelewa nchi nzima inavyopumua. Na je, mliwaona wale wasikilizaji waliookotwa mitaani? Mama mmoja kakaa na mfuko wake, hajui yuko wapi, anapiga makofi kwa sababu wengine wanapiga. Hana hata neno moja la kusema. Mimi ningempa tuzo.

Sasa niseme kuhusu lafudhi, kwa kuwa najua kuna aliyekerwa. Stalin wa filamu hii anazungumza kama mtu wa mitaa ya London. Zhukov anazungumza kama mtu wa Yorkshire. Khrushchev ni Mmarekani mtupu. Hakuna anayejikaza kuigiza Kirusi. Kwangu huu ni uamuzi wa busara. Lafudhi ya kubandika ingetupa nafasi ya kusema, "Aa, hayo ni ya Warusi." Kuiondoa kumetuondolea kimbilio. Na sisi wa Kiswahili tusishangae, maana Mwalimu Nyerere alipoitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, Brutus na Antoni walizungumza Kiswahili mbele ya maiti ya Kaizari, na hakuna aliyelalamika kwamba Warumi hawakusema hivyo. Tulisikia tamaa na woga, tukavitambua.

Jambo jingine nisilotaka kulipita ni Molotov. Huyu ndiye aliyenikosesha usingizi nilipoiona filamu kwa mara ya kwanza. Mkewe, Polina, amefungwa kwa usaliti. Molotov anaamini chama kuliko anavyojiamini mwenyewe. Yuko nyumbani kwake, anamlaani mkewe, msaliti yule, alistahili, na katikati ya laana Beria anaingia na Polina mwenyewe akiwa hai. Tazama uso wa Michael Palin. Laana haijamaliza kutoka mdomoni, na furaha imeshafika machoni, na kati ya mdomo na macho kuna kitu kimekatika. Ukumbi huu ulicheka. Mimi pia nilicheka. Ni moja ya nyuso za huzuni kuliko zote nilizowahi kuziona katika sinema.

Mambo halisi yalikuwa mazito kuliko hayo. Kamati ilipopiga kura ya kumfukuza Polina chamani mwishoni mwa 1948, Molotov hakupiga kura upande wowote. Alijizuia. Baada ya wiki chache alimwandikia Stalin kwamba kujizuia kule lilikuwa kosa, na kwamba sasa anaunga mkono mkewe afukuzwe. Mwezi huohuo, Januari 1949, Polina akakamatwa. Aliachiwa baada ya Stalin kufa, akarudi kwa mumewe, wakaishi pamoja mpaka alipofariki mwaka 1970, na wote wawili waliendelea kumtukuza Stalin. Nani kati yetu anaweza kuielewa ndoa ile? Hotuba haiwezi. Pengine tanzia tupu nayo isingeweza, maana ingetulazimisha tumwonee Molotov huruma au tumchukie. Kicheko kimeturuhusu tubaki mlangoni tukitazama.

Na kuna kile kikao cha kupiga kura. Kama mna nafasi ya kurudia sehemu moja tu ya filamu hii nyumbani, rudieni hiyo. Linaulizwa swali kama wafungwa waachiwe na mauaji yasimamishwe. Kila kitu lazima kipite kwa kauli moja. Molotov anasimama kusema. Sentensi ya kwanza inaunga mkono. Mikono inaanza kupanda. Sentensi ya pili inageuka, mikono inashuka. Inageuka tena. Wanaume wazima, wenye mamlaka juu ya nchi kubwa kuliko zote duniani, mikono yao inapanda na kushuka kama vyombo kwenye maji, kila mmoja akisubiri ajue walio wengi wako wapi ili awe mmoja wao. Palin anasema peke yake, lakini sehemu ile ni ya wale wasiosema. Ondoa mmoja tu kati yao, na kichekesho kinakufa. Hiyo ndiyo faida ya kundi. Woga wa mtu mmoja unahuzunisha. Woga wa watu wanane wanaochunguliana una umbo, una mapigo kama ngoma, na ndio unaochekesha.

Sitaki mtoke hapa mkidhani naisifu filamu bila kasoro. Kuna mambo mawili yananisumbua.

La kwanza ni muda. Filamu inafanya ionekane kwamba Beria aliangushwa na kuuawa siku chache baada ya mazishi. Kwa kweli alikamatwa Juni 26, 1953, akauawa Desemba 23. Kufupisha kunaeleweka, filamu si kitabu cha darasani. Lakini tunapoteza ile miezi mitatu ya ajabu ambapo Beria, mtu yule yule aliyesimamia mateso, alikuwa akiongoza kuachiwa kwa wafungwa zaidi ya milioni moja. Filamu inaligusa hilo na kuliacha upesi.

La pili ni zito zaidi. Kwenye mazishi ya Stalin watu wengi walikufa Moscow kwa kukanyagana, wakibanwa kati ya majengo na malori yaliyokuwa yameziba barabara. Filamu inasema askari waliwafyatulia risasi. Hapo sikubaliani na Iannucci. Risasi ina mtu aliyeifyatua. Kukanyagana hakuna mwenyewe: watu wamekuja kumlilia mtawala waliyemwogopa, na kilio chenyewe kinawaua. Kwa filamu inayojua woga wa watu wengi kuliko filamu yoyote ninayoijua, kukiacha kisa hicho kilivyokuwa kungetosha, tena kungezidi.

Lakini kuna jambo wamelifanya sawasawa, nalo ni kujua wapi kicheko kikome. Nilikuwa nimekaa kule ukutani, nikiwatazama ninyi badala ya kioo, maana nimeshaiona filamu mara nyingi. Mlicheka kwenye mkojo, mkacheka kwenye kura, mkacheka Zhukov alipoingia kifua mbele na nishani zake. Hizo nishani, nieleze, walizipunguza. Za Zhukov halisi zilikuwa nyingi kiasi kwamba walihofia mtazamaji asingeamini. Kisha Beria akaburutwa bandani, Khrushchev akaanza kumsomea mashtaka, aliowabaka, wanawake, mabinti wadogo, hesabu inakwenda, na wale wenzake wa jana wamemzunguka. Ukumbi huu ulinyamaza. Sikusikia hata kiti kikilia. Beria alistahili adhabu, hilo hakuna wa kulipinga, lakini namna wanavyomuua ni namna yake mwenyewe, ile aliyowafundisha. Wanaomwua wanatetemeka. Simon Russell Beale, aliyekuwa ametuchekesha na kututisha kwa saa nzima na zaidi, anageuka nyama inayopiga kelele. Na filamu haitupi mzaha wa kutuliwaza.

Msisahau pia kwamba hawa wahanga, wale wanaosomwa majina usiku, wale wanaoteremshwa ngazi wakiwa na nguo za kulalia, hawafanyiwi mzaha hata mara moja. Mzaha unawapata wenye orodha. Mtani naye ana mipaka yake: anamcheka marehemu na walio hai wenye nguvu, lakini hamgusi yatima.

Mzee wangu mmoja hapa, aliyesoma Urusi miaka ya nyuma, aliniuliza wakati wa chai kama Warusi wenyewe wameiona. Jibu ni kwamba ilikatazwa. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2017. Moscow ilikuwa ianze kuonyeshwa Januari 25, 2018. Siku mbili kabla, Wizara ya Utamaduni iliondoa kibali. Watu mashuhuri walikuwa wameandika barua kuilalamikia, miongoni mwao binti wa Zhukov, na ilisemwa kwamba ni kuwavunjia watu heshima, hasa wakati ule taifa likijiandaa kuadhimisha miaka 75 ya ushindi wa Stalingrad. Sinema moja ya Moscow, Pioner, iliionyesha hata hivyo, na polisi wakaja.

Maumivu ya binti siyadharau. Baba ni baba. Nami niliudhika siku ile makaburini, kama nilivyowaambia. Ila namkumbuka Gogol, mzaliwa wa Ukraine aliyeandika kwa Kirusi katika dola hilohilo, aliyetunga tamthilia kuhusu wakubwa wa mji mdogo wanaomwogopa mkaguzi hata wanamfanya mpita njia kuwa mkaguzi. Ipo kwa Kiswahili, Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tafsiri ya Christon Mwakasaka, na nawasihi vijana muitafute. Nayo haina steringi. Nayo inaendeshwa na woga wa watu wanaochunguliana. Ilichezwa kwa mara ya kwanza St. Petersburg mwaka 1836, na Mfalme Nikolai wa Kwanza, mtawala mkali aliyekaza kamba ya udhibiti wa maandishi, alikuwemo ukumbini. Aliiruhusu, akaja, akacheka. Vichekesho hivi si mgeni aliyetumwa kutoka Uingereza kuwatukana Warusi. Vina kwao kulekule.

Na Iannucci naye hakuja kwenye habari hii kwa kuokota. Amezaliwa Glasgow, lakini baba yake ni Mwitaliano wa Naples, ambaye katika ujana wake aliandika kwenye gazeti la kumpinga Mussolini. Alikulia nyumba ambamo udikteta ulikuwa habari ya baba, si habari ya vitabuni. Mimi naliona hilo katika kila fremu. Hamchezei Stalin, anamkumbuka.

Nimeona baadhi yenu mlianza kuinuka majina yalipoanza kupita. Naomba siku nyingine mkae. Katika majina yale zinapita picha za wahusika, na katika picha hizo nyuso zinafutwa, zinakwanguliwa, mtu alikuwepo na sasa ni doa. Ndivyo ilivyofanywa kweli. Beria alipoangushwa, waliojiandikisha kupokea Ensaiklopidia Kuu ya Kisovieti walitumiwa kurasa mpya zenye habari za Bahari ya Bering, na maelekezo kwamba wachukue mkasi au wembe, waondoe ukurasa wa Beria, wabandike huu. Fikirini mwalimu mmoja, mji wa mbali, usiku, meza, taa, wembe mkononi. Hana la kusema. Anakata.

Kabla hatujafunga, nimemwomba kijana wa mitambo aturudishie dakika moja tu ya mwisho. Ni tamasha tena, kama mwanzo, piano ile ile, miaka mitatu baadaye. Khrushchev amekaa, ameshinda, hakuna tena wa kumtisha. Wote mtavutwa kumtazama yeye, na ndivyo mlivyofanya muda mfupi uliopita; niliwaona. Safari hii inueni macho kidogo, safu ya nyuma yake. Kuna mwanamume mwenye nyusi nene, amekaa kimya, na hautazami muziki. Anaitwa Brezhnev, ndiye atakayekuja kumwondoa Khrushchev madarakani.

Kijana, zima taa.